Watu wa Mahali

Hoteli ya Teresa pale Wandegeya haikuwa na kibao, na haikukihitaji. Ilikuwa na meza nne, mabenchi manane, na chumba kimoja kwa nyuma alimolala mwenye hoteli, vyote vimejibanza kwenye ua wa jengo ambalo mwenyewe, mfanyabiashara wa Kihindi, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake mwaka wa sabini na mbili. Wanafunzi wa Makerere walikula hapo maharage na chapati. Polisi wa kituo cha jirani walikula hapo matoke na samaki. Teresa Adero, Mjaluo wa Kenya, mrefu, na mwenye mdomo ambao Mungu alimpa bila kupima, aliwahudumia wote kwa ukali mmoja. Ukibakiza chakula alikuuliza kama mama yako anajua unavyoishi. Na kesho yake ulirudi.

Alikuja Kampala akiwa msichana wa miaka ishirini, yaya wa familia ya Wagoa waliohamia kutoka Kisumu. Watoto walikua, yaya akawa mpishi. Mama mwenye nyumba, Dona Filomena, alimfundisha mapishi yote aliyoyajua, na siku ya kuondoka kwao alimwachia sinia pana ya bati na pudini moja kichwani: pudini ya malimau isiyoona moto. Teresa alipofungua hoteli yake aliiuza kila Jumamosi, maziwa ya kopo yakipatikana. Wanafunzi Wakenya waliibatiza jina la Muganda, kwa sababu huganda yenyewe. Mzee Erinayo, mwangalizi wa jengo, Muganda wa kuzaliwa na kukulia Mengo, aliupenda utani huo mpaka akaichukulia pudini kama mtu wa ukoo wake.

Mwingine aliyeipenda ni koplo Okullo, mtu wa Lango, kule kaskazini, kabila la rais aliyepinduliwa na jeshi. Huyu alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mkimya, anayekula kipande kimoja na kusema asante mara mbili. Sukari na maziwa vilipoadimika mjini, na Jumamosi zikapita bila pudini, Okullo hakuacha kuja. Aliagiza chai, akainywa, akaenda. Halafu siku moja, mwaka wa sabini na nne, akaweka kwenye kaunta makopo mawili ya maziwa matamu yaliyofungwa kwa gazeti.

"Weka hii," akasema.

"Niweke ya nini?"

"Weka tu."

Akaondoka hata chai hakuingojea. Teresa akayaweka chini ya kitanda. Alidhani koplo anataka pudini na anaona haya kuagiza. Mwanamke hodari kwa mengi, lakini hapo alikuwa mzito wa kuelewa, tusimfiche. Ila tusimlaumu sana pia. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kwao Ugenya walikuwa wameacha kumuuliza ataolewa lini, na baba yake alikufa akingoja ng'ombe ambao hawakuja. Teresa alikwisha kulifunga jambo hilo, akalitia kufuli, na hakupenda hata kuusogelea mlango wake.

Alhamisi moja, kabla ya wateja wa mchana, mzee Erinayo alichungulia jikoni, akatazama kushoto na kulia, akaingia kwa ncha za vidole.

"Teresa, habali?" akanong'ona.

"Nzuri, ssebo. Mbona unaingia kama mwizi?"

"Jumapiri, saa kumi, watu nakuja hapa kwako. Tatu. Moja ni mukubwa ya polisi, sajini."

Teresa akaweka mwiko chini. "Wanakuja kufanya nini?"

"Nakuja kwa sababu ya mahali. Wamefika kwangu kwanza, kwa sababu mimi ni muzee ya hapa. Mimi nimesema ndiyo, ni vizuri."

"Wewe umesema ndiyo?"

"Kweri! Nikatae kwa nini? Ni watu wazuri." Mzee akamshika mkono, na macho yake yakalowa. "Wewe umekuwa hapa kama mutoto yangu. Kaa tayali, nnyabo. Usiambie watu."

Akatoka kama alivyoingia. Siku zile watu wa Kampala walinong'ona hata wakiuliza bei ya nyanya, kwa hiyo kunong'ona kwa mzee hakukuwa ajabu. Neno ndilo lililomtisha Teresa. Mwezi uliopita tu watu watatu walikuja kuangalia mahali pa Wanjala, fundi cherehani wa chumba cha pili. Walilitumia neno hilo hilo, mahali. Kabla jua halijazama vyerehani vyake vilikuwa barabarani, na kesho yake Wanjala alipanda basi la Busia akiwa na mkasi mfukoni na hasira tumboni. Sasa zamu imefika, na mzee Erinayo amekwisha kubariki!

Iliuma. Tangu aje mjini Teresa alikuwa amelala katika vyumba vya watu, kwenye makochi ya watu, mara moja kwenye stoo ya vitunguu. Chumba hiki kilikuwa cha kwanza ambacho ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake mwenyewe. Kwao hakuna aliyemngoja, na hapa hakuwa na kingine. Akipoteza mahali hapa, anaanza tena kuwa mtu wa kuitwa na kutumwa, na mwili wenyewe si ule wa miaka ishirini.

Alilia kidogo, halafu akapika chakula cha mchana, maana watu walikuwa wanakuja. Jioni alimtumia mdogo wake barua kwa mkono wa mtu wa reli. Ochola alifanya kazi Port Bell, kwenye kivuko kinachobeba mabehewa ziwani. Barua ilikuwa fupi: Njoo Jumapili na gari. Wananitoa.

Jumamosi alifunga hoteli na kufunga mizigo. Alifunga mabenchi manne manne, akafunga magodoro, akatia sufuria katika gunia, majiko mawili katika gunia jingine, kinu na mwiko na kikwaruzo humo humo. Alifunga kwa mafundo ya hasira, yale ambayo hata mfungaji hajui atayafunguaje.

Jumapili aliporudi kutoka misa ya kwanza alisimama uani, akatazama kazi yake, na jambo jipya likamkera. Wageni watafika saa kumi. Watakuja kumtoa, sawa, lakini watakuwa wameingia kwake. Tangu afungue hoteli hakuna mtu aliyeingia kwa Teresa akatoka mkavu, na hakutaka kuanza na hawa. Tena alitaka wale kwanza. Wale mpaka washibe, halafu wamtazame usoni wamwambie toka. Huenda huyo sajini angeona haya akampa hadi mwisho wa mwezi. Lakini majiko yako ndani ya gunia, na gunia lina yale mafundo!

Hapo ndipo alipokumbuka Muganda.

Alipiga magoti, akatoa chini ya kitanda makopo mawili ya Okullo na pakiti tatu za biskuti ambazo Ochola alimletea kutoka Kisumu. Alimwaga biskuti juu ya kitambaa safi, akakikunja, akazisagasaga kwa chupa ya soda, kwa sababu kinu kilikuwa kifungoni. Alisaga kwa nguvu zaidi ya biskuti zilivyostahili. Zilipokuwa laini kama mchanga wa ziwani, akaongeza siagi ya kopo aliyokuwa ameianika juani mpaka ikayeyuka, akachanganya kwa mkono, akautandaza mchanganyiko kwenye sinia ya Dona Filomena na kuugandamiza kwa kiganja hadi pembeni.

Malimau alikuwa amenunua sokoni mawili tu kwa chai yake. Akaenda kwa Sitti, jirani wa ua wa pili, akaomba manne. Sitti alimpa sita, akamtazama macho yaliyovimba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu hakuuliza.

Kikwaruzo hakipo. Teresa akachukua kifuniko cha kopo, akakitoboa kwa msumari mara ishirini, na upande wenye makali akauparazia maganda ya malimau, ile rangi ya njano ya juu tu, maana ukifika kwenye nyeupe unakaribisha uchungu. Harufu ikapanda. Huwezi kuwa na hasira kamili mbele ya harufu ya limau, na Teresa alijikuta anapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Akamimina maziwa kwenye bakuli, akatia yale maparazo, akaanza kukamua. Hapa ndipo pana siri, kama ni siri. Maji ya limau hayamwagwi. Yanadondoshwa, huku mkono mwingine unakoroga bila kusimama, taratibu, upande mmoja. Dona Filomena alikuwa akimwambia kwamba maziwa haya ni kama mtu mzima, ukimshtua anakatika, ukimbembeleza anasimama. Na kweli, kidogo kidogo bakuli likaanza kuwa zito. Hakuna moto, hakuna yai, hakuna unga. Miaka yote hiyo Teresa alikuwa ameifanya kazi hii, na kila mara ilimfurahisha kuona kitu cha majimaji kikiamua chenyewe kusimama. Akaonja kwa kidole. Uchachu ulimpiga taya, utamu ukaja nyuma yake.

"Afadhali," akasema peke yake. Alimimina bakuli juu ya biskuti, akasawazisha, akaweka sinia ndani ya karai la maji baridi, akaifunika kwa kitambaa na juu yake gunia lililolowa. Halafu akavaa gauni lake la kanisani tena, akangoja.

Ochola alifika saa tisa na nusu na pikapu ya kuazima. Alikuwa kijana mnene wa kucheka cheka, lakini siku hiyo hakucheka. Alimkumbatia dada yake, akabeba meza ya kwanza, akaipandisha, akafuata na godoro. Walikuwa hawajafika mbali na kazi wageni walipoingia uani, dakika kumi kabla ya saa kumi, mzee Erinayo mbele yao amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake.

Nyuma ya mzee alikuwa sajini Tarcisio, mtu wa mvi, tai shingoni. Nyuma ya Tarcisio mama mmoja mnene, Ayot, mke wa sajini, amekumbatia kuku. Na wa mwisho, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, akitazama viatu vyake, alikuwa Okullo.

Teresa akamkazia macho. Hata huyu? Kumbe makopo yale yalikuwa ya kumlainisha! Angalau wale waliomtoa Wanjala hawakuwahi kunywa chai yake. Alitaka kuwafukuza wote pamoja na kuku wao. Badala yake akasema, "Karibuni, kaeni," na kwa kuwa mabenchi yalikuwa yamefungwa, wakakaa juu ya magunia. Akatoa sinia majini. Muganda alikuwa amesimama imara. Akakata vipande, akavitia kwenye sahani, na kila sahani aliitua mbele ya mtu kwa kishindo chake. Ya Okullo ilikuwa na kishindo kikubwa zaidi.

Walikula. Ayot alifumba macho. Sajini Tarcisio alikwangua sahani, akaitazama kwa huzuni ya kuisha, kisha akaitazama ile mizigo, pikapu, na godoro lililokuwa juu yake.

"Mama," akaanza kwa heshima, "chakula yako ni nzuri sana. Lakini sisi nashangaa kidogo. Wewe nafunga mizigo mapema hivi? Kwetu, kwanza watu naongea."

"Nimewarahisishia kazi, afande," Teresa akasema. "Mmekuja kwa ajili ya mahali. Basi chukueni. Ila koplo Okullo ningependa aniambie kwa mdomo wake, si kwa makopo."

Okullo akainua uso. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi akiwa usingizini.

"Mahali gani?" Ayot akauliza.

"Hapa! Si mmekuja kutoa watu?"

Wageni wakatazamana. Sajini akashusha sahani polepole. "Mama, sisi hapana kuja kutoa mutu. Okullo ni mutoto ya dada yangu. Sisi nakuja kwa maneno ya mahari."

Watu wa kaskazini hawana ugomvi na R. Hii ilinguruma uani mpaka Sitti aliisikia kwake. Teresa alisimama na kisu mkononi, halafu akageuka taratibu kumtazama mzee Erinayo.

"Ssebo. Uliniambia watu hawa wanakuja kwa ajili ya nini?"

"Mahali," mzee akajibu kwa fahari. "Si ndiyo hiyo? Mahali!"

"Sema tena."

"Ma-ha-li! Ya ng'ombe!"

Aliyeanza kucheka ni Ochola, bado ameshika mguu wa meza, na baada yake hakuna aliyesalimika. Ayot alicheka mpaka kuku akamponyoka. Miaka kumi na miwili Teresa alikuwa akiyanyosha maneno ya mzee kichwani mwake bila taabu. Habali ilikuwa habari, tayali ilikuwa tayari, na hata sukali ya mzee alimpa sukari. Hili moja lilimpita. Aliogopa kwa neno lile la kwanza, na la pili halikuwa limemjia akilini tangu baba yake azikwe.

Alikaa juu ya gunia la makaa na gauni lake la kanisani, akafunika uso. Hakuwa analia kwa huzuni. Alikuwa na furaha iliyochanganyika na aibu na hasira ya siku tatu isiyojua pa kwenda, na vyote vilitaka kutoka kwa mlango mmoja.

Ochola ndiye aliyeokoa mambo. Kijana alijifuta machozi, akavaa koti, akakaa mbele ya sajini, na ghafla akawa na sauti ya marehemu baba yake. Alisema kwamba yeye ni ndugu wa tumbo moja, kwamba amesikia, kwamba ng'ombe watazungumziwa kwao Ugenya mbele ya wazee, lakini hapa Kampala anauliza neno moja. Dada yake atakaa wapi? Huko kambini kwa polisi?

"Mimi kambini siendi," Teresa akasema.

Wote wakageuka. Katika mazungumzo ya namna hiyo anayeombwa hasemi. Hukaa ndani akatumwa maji. Lakini ndani kulikuwa hakuna hata kiti.

"Sitoki hapa," akaendelea. "Siku tatu nimelia kwa sababu ya chumba hiki. Sitakifunga tena. Anayenitaka alijue hilo kabla ya kuku, sembuse ng'ombe."

Sajini alikohoa. Ochola alitazama chini kwa fedheha. Okullo, ambaye naye hakupaswa kusema, akaweka kijiko.

"Mimi naacha polisi," akasema. "Barua imekubaliwa. Nimepata kazi ya lori, Port Bell. Mwisho ya mwezi narudisha chumba ya kambini." Akatafuta maneno. "Laini yetu kule, vyumba tatu iko tupu. Watu ya kwetu. Mutu anaitwa ofisini asubuhi, jioni harudi. Mimi nalala na viatu."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Erinayo, bila kufikiri, alitazama mlango wa ua kama umefungwa.

"Nyumba ya kulala, sina," Okullo akasema. "Mimi nilitaka kuuliza kama..." Akakwama hapo, jasho linamtoka.

"Anataka kuuliza kama iko mahali," Ayot akamalizia. "Hapa kwako. Kwetu watacheka, mwanaume kuingia nyumba ya mwanamke. Wacheke."

"Mimi nilisema nini?" mzee Erinayo akaruka, kidole juu. "Nilisema mahali! Kweri au uongo?"

Safari hii Teresa hakumsikia. Alikuwa anamtazama Okullo. Shati lake lilikuwa na mikunjo miwili kwenye mkono mmoja, kazi ya mtu anayejipigia pasi mwenyewe gizani kwa haraka. Teresa alijua anachoombwa. Mtu wa Lango mwaka ule hakuwa mgeni mwepesi. Waliomfuata kambini wanaweza kumfuata Wandegeya, na siku hiyo wangekuta watu wawili. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Lakini alikuwa ameogopa siku tatu kwa sababu ya watu waliokuja kuchukua, na hawa walikuwa wamekaa juu ya magunia yake wakiomba. Mtu huyu alitaka mahali pale pale alipopataka yeye, na kwa sababu ile ile. Alimpenda. Tangu lini, hakujua. Pengine tangu zile chai za Jumamosi zisizo na pudini.

"Paa linavuja," akamwambia.

"Nitapanda."

"Na mimi nina mdomo."

"Hiyo Wandegeya yote inajua," Okullo akajibu, na kwa mara ya kwanza watu wakayaona meno yake.

Teresa akafuta mikono kwenye gauni lake la kanisani, akaenda kwenye pikapu, akafungua kamba. Meza ilikuwa nzito na Ochola bado alikuwa na koti la uzee.

"Shika upande huo," akamwambia Okullo.

Ochola akapinga kwamba haijapata kutokea mchumba abebe vyombo kabla ya maneno kwisha. Sajini Tarcisio alifikiri kidogo, akavua tai, akaitia mfukoni, akainamia mafundo ya mabenchi. Okullo na Teresa walikuwa wamekwisha kufika mlangoni na meza yao, Okullo akirudi kinyumenyume, Teresa akimwelekeza kulia, kushoto, kulia tena, mpaka ikaingia.